Chombo Kinapobisha

Neno kubisha lina kazi nyingi kwetu. Ukifika mlangoni kwa watu unabisha hodi. Mwenzako akisema mpira haukutoka, nawe ukashikilia kwamba ulitoka, mnabishana. Na mashua inapotaka kwenda kulekule upepo unakotoka, mabaharia husema inabisha, au imepiga bisho. Nilipokuwa mdogo nilidhani haya ni maneno matatu yaliyofanana kwa bahati tu. Siku hizi sidhani hivyo. Chombo kinapobisha hufanya yote mawili: kinabishana na upepo, na kinaubishia hodi, mara upande huu, mara upande ule, hadi upepo wenyewe ukifungulie njia.

Jambo lenyewe ukilifikiria ni la ajabu. Jani likianguka baharini hupelekwa upepo uendako. Kofia yako ikipeperuka huikimbilii upepo unakotoka. Vipi basi kipande cha nguo kilichofungwa kwenye mti kiipeleke mashua nzima, na watu na magunia yao, ikiukabili upepo uleule unaotaka kuirudisha nyuma?

Mimi nililijua kwa kuaibika kwanza. Nilikuwa na miaka 12, Lamu, mwezi wa Agosti, shule zimefungwa na kusi bado inavuma. Mjomba alikuwa na mashua ndogo ya kubebea mawe ya kujengea kutoka Manda, na asubuhi ile alikuwa na magunia ya unga ya muuza duka mmoja wa Shela. Kutoka mjini Lamu hadi Shela ni kama kilomita 3, unakwenda kusini kwa mkondo ulio kati ya kisiwa cha Lamu na cha Manda. Kwa miguu ufukweni ni dakika 40 hivi. Lakini upepo ulikuwa ukitoka Shela kwenyewe, kana kwamba kijiji kizima kimekaa kikitupulizia tusifike.

“Njoo ushike demani,” mjomba akaniambia.

“Labeka, mjomba.”

Ngojeni niwape majina, maana bila majina tutapotezana. Tanga la mashua yetu ni la pembetatu. Upande mmoja wake umefungwa kwenye boriti ndefu, foromali, na foromali hupandishwa mlingotini hadi ikae mshazari, ncha moja chini karibu na omo, ncha nyingine juu angani upande wa tezi. Pembe ya tanga iliyo mbele chini ni joshi. Pembe ya nyuma imefungwa kamba, na kamba hiyo ndiyo demani: ukiivuta tanga huja ndani, ukiilegeza tanga hwenda nje. Upande wa chombo unaopokea upepo ni joshini, na upande wa pili, upepo unakoelekea, ni demanini. (Demani pia ni jina la majira, hiyo miezi kusi inapopoa kabla ya kaskazi kuja. Mabaharia hawakuwa wachoyo wa maneno, walikuwa wakiyatumia mara mbili.)

Nikashika demani kama aliyekabidhiwa hazina. Nikawaza hivi: upepo ni adui, adui hukabwa. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote, nikaegemeza miguu ubaoni, nikaizungusha kamba kwenye kigingi. Tanga likanyooka kama mlango. Halikutikisika, halikutoa sauti, na mimi nikatabasamu. Mashua ikalala ubavu, nikatabasamu zaidi. Kisha nikatazama mikoko ya Manda. Ilikuwa inatukaribia, lakini Shela haikuwa inakaribia hata kidogo. Tulikuwa tunakwenda kando kama kaa. Mashua nyingine, iliyoshikwa na mzee na mtoto mdogo kuliko mimi, ikatupita upande wa juu, na yule mtoto akanipungia mkono. Sijausahau mkono ule.

Mjomba hakunigombeza. Alilitazama tanga kidogo, akasema, “Umelinyonga, mwanangu. Lipe pumzi.”

Nikailegeza demani shubiri moja. Hakuna kitu. Shubiri ya pili. Ghafla ukingo wa mbele wa tanga, pale karibu na foromali, ukaanza kutetemeka, kisha ukapiga kofi kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Nikaogopa, nikadhani nimeharibu.

“Usiogope, linasema. Sasa vuta polepole hadi linyamaze. Hapo hapo! Usizidishe hata ncha ya kidole.”

Mashua ikainuka kidogo kutoka ubavuni, na chini ya omo maji yakaanza kuongea. Kabla ya hapo sikuwa nimegundua kwamba yalikuwa kimya.

Kilichotokea unaweza kukiona leo jioni jikoni kwenu. Fungua bomba kidogo ili maji yashuke mchirizi mmoja ulionyooka. Shika kijiko kwa ncha ya mpini wake, kining’inie kwa ulegevu, halafu sogeza mgongo wake taratibu hadi uguse mchirizi. Utatarajia maji yakisukume kando. Wapi! Kijiko kitavutwa ndani ya maji kama kilichofungwa uzi. Tazama vizuri na utaona maji nayo hayashuki wima tena, bali yameufuata mviringo wa kijiko na kutokea upande. Kijiko kimeyapinda maji kuja huku, na maji yamekivuta kijiko kwenda kule. Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza, aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1687: ukikisukuma kitu, nacho hukusukuma kwa nguvu ileile kuelekea upande wa pili.

Tanga ni kijiko kikubwa cha nguo. Tumbo lake limetokeza demanini. Upepo ukiufikia ukingo wa mbele hugawanyika, mwingine hupita ndani, mwingine hupita nje mgongoni, na wote hupindwa kuelekea nyuma. Tanga limeupinda upepo, basi upepo nao umelivuta tanga. Kwa hiyo mashua inayobisha haisukumwi kama mkokoteni. Inavutwa, na kazi kubwa inafanyika upande wa nje ambao wewe uliyeshika demani huuoni.

Ukilinyonga tanga, kama nilivyofanya, unautaka upepo wa mgongoni upinde kona kali mno. Hauwezi. Unaachana na nguo na kuvunjika vipande vya kuzunguka-zunguka, kama maji ya mto nyuma ya jiwe. Mvuto unakufa, unabaki msukumo wa ubavuni tu, na ndio uliokuwa ukitupeleka kwenye mikoko.

Na hapa ndipo penye mtego wenyewe. Tanga lililolegea hulalamika, litapiga makofi na kila mtu atajua. Tanga lililonyongwa halisemi kitu, limekaa zuri, limenyooka, limepumbaza macho. Ndiyo maana nahodha mzuri haamini ukimya. Kila baada ya muda huilegeza demani kidogo, kama anayeuliza swali, hadi ukingo utetemeke, kisha huirudisha hadi utetemeko uishe. Dakika mbili zikipita anauliza tena, maana upepo haukai ulipokuwa. Mjomba alinifanyisha hivyo asubuhi nzima huku akizungumza habari za bei ya saruji.

Wenye mashua za mashindano za kisasa wamelitafutia tanga ulimi mwingine. Hubandika nyuzi za sufu pande zote mbili za tanga, karibu na ukingo wa mbele. Upepo ukishika nguo vizuri, nyuzi zote mbili hulala chali zikielekea nyuma. Uzi wa joshini ukirukaruka, tanga limelegea au omo imeukaribia upepo mno, basi vuta demani au shusha omo. Uzi wa demanini ukirukaruka, umelinyonga. Lingekuwa tanga la mjomba lina nyuzi, wangu wa demanini ungekuwa unacheza ngoma asubuhi ile.

Mshika demani hayuko peke yake. Aliyeshika kana, kile kishikio cha usukani, naye hucheza na upepo huohuo, na hapo tamaa ni mbaya zaidi. Shela unaiona pale mbele, moyo unakwambia elekeza omo pale. Ukielekeza, tanga zima linapiga, mashua inasimama, na mashua iliyosimama haina nguvu ya kuushika upepo wala maji. Mjomba alikuwa na njia yake ya kuupima. Alifumba macho, akageuza uso hadi masikio yote mawili yasikie upepo sawasawa. Hapo pua yake ilikuwa imeelekea upepo barabara. Akafumbua macho, akakunja mkono kutoka puani kuelekea kando, na palipoonyeshwa na mkono ndipo tulipokwenda: si Shela, bali ng’ambo kwenye miti ya Manda, kisha ng’ambo tena kwenye kuta za Lamu, mshazari baada ya mshazari.

Chukueni karatasi mhesabu. Mashua yenye tanga kama letu hubisha vizuri ikikaa kama digrii 60 kutoka upepo unakotoka. Chora mishazari hiyo kwenda na kurudi, upime. Utakuta kwamba ili upande kilomita 3 kuelekea upepo, chombo kimetembea kilomita 6. Njia imekuwa mara mbili! Mashua za mashindano, zenye matanga makali na ubao mrefu uliozama chini, hukaa digrii 45 au chini ya hapo, na kwao kilomita 3 huwa kama 4 na robo. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Mkiwa na njaa si ndogo.

Kisha kuna kugeuka, na hapo tanga letu lina gharama yake. Mashua ya kisasa hupitisha omo kwenye upepo, tanga likaruka upande wa pili, kazi ya sekunde chache. Mabaharia wa zamani waliita hivyo kupindua kwa joshini. Sisi tukijaribu hivyo tanga hubanwa na mlingoti, foromali iko upande usiofaa, na upepo mkali unaweza kukuangusha. Kwa hiyo tunapindua kwa demanini: mjomba anaiacha omo iukimbie upepo, mimi nalegeza demani yote, mashua inageuza tezi kwenye upepo. Wakati huo foromali inasimamishwa wima kando ya mlingoti, na baharia mwingine anaikimbiza pembe ya tanga mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Demani inavutwa tena, viroba vya mchanga, farumi yetu, vinahamishiwa joshini, na omo inapanda tena. Ukifanya vibaya unameza tanga usoni. Ukifanya vizuri bado umepoteza hatua kadhaa ulizozipata kwa jasho. Ndiyo sababu mjomba alipenda mishazari mirefu na kupindua kuchache. Siku ile tulipindua mara sita, na ya tatu niliharibu mimi.

Kwa gharama kama hiyo utaelewa kwa nini wazee hawakubisha bahari kuu. Mashua ya Lamu hubisha hadi Shela, lakini majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuja pwani yetu na kaskazi, yakakaa, yakauza tende, yakanunua boriti za mikoko, na yakangoja kusi iyarudishe. Kungoja kwao hakukuwa uvivu.

Kuna aliyekataa kungoja. Mwaka 1498 Mreno Vasco da Gama alifika Malindi, na mfalme wa Malindi akampa rubani aliyeijua njia ya India. Waling’oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi ikiwa inaanza, na tarehe 20 Mei walikuwa mbele ya Calicut. Hazikutimia wiki nne. Kurudi sasa: aliondoka pwani ya India tarehe 5 Oktoba, kabla kaskazi haijakaa sawa. Akakutana na shwari na pepo za mbele, siku baada ya siku. Waliiona pwani ya Afrika tarehe 2 Januari 1499, karibu na Mogadishu. Bahari ileile, karibu miezi mitatu. Kiseyeye kiliua watu kama 30 njiani, na kwa kila meli waliobaki na nguvu za kufanya kazi walikuwa saba au wanane. Walipoendelea kusini mwa Malindi waliichoma moto meli yao moja kwa kukosa watu wa kuiendesha. Laiti angengoja Desemba, kaskazi ingembeba yenyewe.

Turudi mkondoni. Mjomba alikuwa ameondoka maji yakianza kupwa, wala haikuwa bahati. Maji ya mkondo wa Lamu yanapopwa hutoka kwenda bahari kuu kwa mlango wa kusini, yaani yalikuwa yakitubeba kuelekea Shela. Zawadi hiyo nayo ina kodi yake: mkondo ukienda huku na upepo ukija kule, mawimbi huwa mafupi, yamesimama, yanapiga omo kama ngumi. Kwenye mawimbi ya namna hiyo mashua hupoteza mwendo kila inapogonga, kwa hiyo mjomba aliishusha omo kidogo kutoka kwenye upepo na mimi nikalegeza demani kidogo, tumbo la tanga likajaa zaidi. Kwanza mwendo. Mkuku hauyashiki maji kama maji hayapiti ubavuni mwake.

Akanifundisha pia kusoma rangi. Mkumbo wa upepo unapokuja, maji hubadilika kuwa meusi na kukunjamana kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. “Unaliona doa lile? Hesabu hadi kumi.” Nilipofika nane likatufika. Mashua ikataka kulala. Wawili wetu tukaning’inia kwenye ubao wa joshini, miguu hewani, na mjomba hakupigana na kana. Aliiacha omo ijipandie yenyewe kuelekea upepo, hatua mbili tatu, kisha mkumbo ulipopita akaishusha tena. Kila doa jeusi lilitupa ngazi moja. Nikaanza kuyatafuta madoa kwa macho kama mwindaji.

Tulipofika Shela jua lilikuwa limepanda. Muuza duka akapokea unga wake, akatupa machungwa manne. Tukakaa kivulini nami nikauliza swali lililokuwa likinisumbua tangu mshazari wa pili: kama tanga linavutwa zaidi kuelekea demanini, ubavuni, mbona mashua inakwenda mbele?

Mjomba akachukua mbegu ya chungwa yenye utelezi, akaiweka kati ya kidole gumba na cha shahada. “Kidole hiki ni upepo kwenye tanga. Hiki ni maji kwenye mkuku. Kuna kidole kinachoisukuma mbele?”

“Hakuna.”

Akabana. Mbegu ikaruka hadi ukutani.

Nimesoma vitabu kadhaa vya fizikia tangu siku hiyo, vyenye mishale na herufi za Kigiriki, na bado nikitaka kumweleza mtu natafuta chungwa. Upepo unabana upande mmoja, maji yanakataa upande mwingine, na mashua, kwa kuwa ni nyembamba mbele na ndefu ubavuni, haina pengine pa kuponyokea ila mbele. Ndiyo maana mashua iliyolala sana haibishi vizuri: mkuku umeinuka, kidole kimoja kimelegea. Kuning’inia kule kwenye ubao hakukuwa mchezo wa kuvutia watalii.

Kurudi Lamu hakuna cha kusimulia. Upepo ulikuwa nyuma, tanga limeachwa nje kabisa, demani imefungwa, hakuna aliyeivuta wala kuilegeza. Lakini jambo moja lilinishangaza. Asubuhi upepo ulikuwa ukinipiga kifuani, unaivuta fulana yangu, nami nikasadiki tumeshindana na upepo mkubwa. Sasa ulikuwa haupo. Jasho lilinitiririka, hata moshi wa sigara ya yule baharia mwingine ulikuwa unapanda polepole bila haraka.

“Upepo umekufa, mjomba?”

“Tazama minazi.”

Nikatazama ufukweni. Minazi ilikuwa imeinama vilevile kama asubuhi, makuti yote yameelekea kaskazini. Asubuhi tulikuwa tunauendea, tukauongezea mwendo wetu, kama uso wako unavyopata upepo ukiwa juu ya baiskeli hata siku ya shwari. Sasa tulikuwa tunaukimbia, na kila hatua tuliyokwenda tuliipunguza kwake. Mjomba akavuta kofia machoni. Nikamaliza chungwa la mwisho, nikazibana mbegu moja moja kuelekea majini, na kabla hatujafika gatini nilikuwa nimelala.